Democracy Now!: tathmini ya msikilizaji wa Kibaigwa

Mimi ni mkamuaji wa alizeti hapa Kibaigwa, wilaya ya Kongwa, pembeni ya barabara kuu inayotoka Dodoma kwenda Morogoro. Kabla ya kununua mashine nilifundisha Kiingereza sekondari, na Kiingereza hicho ndicho kinachoniwezesha kuandika tathmini hii, maana huduma ninayoizungumzia haina Kiswahili hata sentensi moja. Ni Democracy Now!, kipindi cha habari na mahojiano kinachotoka New York Jumatatu mpaka Ijumaa, saa nzima, bila malipo na bila tangazo la biashara. Nakisikiliza kwenye simu. Ninakipendekeza kwa moyo wote kwa yeyote anayetaka kuelewa vita na uchumi wa Marekani kutoka upande wa wanaoumia, na kuna jambo zito ninalokidai pia, nitalisema.

Nilianza kukitafuta pale Idhaa ya Kiswahili ya Sauti ya Amerika iliponyamaza. Ilikuwa Machi 2025. Rais Donald Trump alisaini amri ya kuipunguza hadi kuimaliza taasisi inayosimamia redio za serikali yake zinazotangaza nje, na wafanyakazi zaidi ya elfu moja wakaambiwa wakae nyumbani. BBC na DW zilibaki, nazo nazisikiliza bado, lakini mimi nilikuwa na kiu nyingine: kuwasikia Wamarekani wenyewe wakibishana na serikali yao, wakiihoji fedha inakwenda wapi na nani anakufa kwa ajili ya nini. Mtoto wa kaka yangu anayesoma UDOM akaniambia, "Shangazi, wewe unapenda habari zenye hesabu, sikiliza hawa," akaniwekea programu yao kwenye simu kabla hajapanda basi kurudi chuoni.

Kipindi kinaanza saa mbili asubuhi kwa saa za New York. Kwetu ni saa tisa alasiri, na kuanzia Novemba mpaka Machi, wanapokuwa wamerudisha saa zao nyuma, inakuwa saa kumi. Wakati huo mashine yangu bado inanguruma, kwa hiyo sikisikilizi moja kwa moja. Kijana wa mashine akizima na kuanza kukusanya mashudu, mimi nafungua daftari la magunia na kuiwasha sauti. Dakika kumi hivi za mwanzo ni muhtasari wa habari, zinasomwa moja baada ya nyingine bila kupumua. Halafu yanakuja mahojiano mawili au matatu marefu, na katikati kipande cha muziki. Waendeshaji ni Amy Goodman na Juan González, ambao wamekuwapo tangu kipindi kilipoanza Februari 1996 kwenye mtandao wa redio za Pacifica, wakati huo kwa ajili ya uchaguzi wa rais wa mwaka ule. Nermeen Shaikh naye huendesha. Leo kinarushwa na vituo zaidi ya 1,400 vya redio na televisheni.

Hawachukui fedha ya matangazo, ya kampuni, wala ya serikali. Wanaishi kwa michango ya wasikilizaji na mifuko ya hisani. Jambo hili nalipa uzito mkubwa kuliko mengine yote. Kipindi kinachozungumzia vita kila siku hakiwezi kuwa huru kama mdhamini wake anatengeneza makombora, na hakiwezi kuwa huru kama mshahara unatoka kwa waziri. Yaliyoipata Sauti ya Amerika yametuonyesha: redio iliyodumu tangu 1942 ilizimwa kwa karatasi moja.

Goodman mwenyewe ameshalipia kazi hii kwa mwili wake. Tarehe 12 Novemba 1991 alikuwa Dili, Timor ya Mashariki, pamoja na mwandishi mwenzake Allan Nairn, wakati askari wa Indonesia walipowafyatulia risasi waombolezaji kwenye makaburi ya Santa Cruz. Watu zaidi ya 250 waliuawa. Yeye alipigwa, Nairn akapasuliwa fuvu kwa kitako cha bunduki, na bunduki zenyewe zilikuwa M16 za Marekani. Nadhani hapo ndipo swali lake la kudumu lilipozaliwa, maana nalisikia karibu kila wiki: silaha hii imetengenezwa wapi, na nani aliidhinisha isafirishwe?

Halafu kuna ile siku ya uchaguzi wa Novemba 2000. Rais Bill Clinton alikuwa anapiga simu kwenye redio moja baada ya nyingine kuwahimiza watu wapige kura, akapiga na kituo cha WBAI cha New York. Goodman hakumwachia salamu na kwaheri. Alimshikilia karibu nusu saa, akimuuliza kuhusu vikwazo dhidi ya Iraki, kuhusu hukumu ya kifo, kuhusu Mashariki ya Kati, mpaka Clinton akalalamika kuwa mwandishi huyu ni mkali na hana heshima. Mahojiano hayo yamo kwenye hazina yao, yanapatikana bure. Niliyasikiliza nikiwa nimesimama. Sisi tumelelewa kwamba mkubwa haulizwi mara mbili, na kwa nyumbani ni adabu nzuri, lakini mwenye jeshi na hazina ya nchi lazima aulizwe mara mbili, mara tatu, mpaka ajibu.

Sasa nije kwenye vita na fedha, maana ndipo kipindi hiki kinapostahili bando lako.

Chukua mfano wa Barbara Lee, aliyekuwa mbunge wa California, ambaye mimi nimemfahamu kupitia hawa. Tarehe 14 Septemba 2001, siku tatu baada ya mashambulizi ya New York na Washington, Bunge la Marekani lilipiga kura kumpa rais ruhusa ya kutumia jeshi dhidi ya yeyote atakayemwona anahusika. Wawakilishi 420 walisema ndiyo. Mmoja alisema hapana, na ni yeye. Aliwaomba wenzake wasije wakageuka kuwa ule uovu wanaoulaani. Alitishiwa kuuawa, akalazimika kulindwa. Ruhusa ile haikuwa na mwisho wala mipaka, na marais waliofuata waliitumia katika nchi nyingi, nyingine hazikutajwa kabisa siku ya kura. Afghanistan ilichukua miaka 20, kutoka 2001 mpaka 2021, na waliokuwa madarakani mwanzoni ndio waliorudi madarakani mwishoni.

Nina jirani, mzee wa Kigogo, hupita jioni kununua mashudu ya mbuzi wake. Nikimwamkia anakaa kwenye gunia na kuniuliza, "Leo Wamarekani wanasemaje, mwanangu?" Namfasiria. Siku niliyomsimulia habari za Barbara Lee alinyamaza kidogo.

"Mmoja kati ya mia nne?"

"Mmoja, babu."

"Huyo jina lake liandike."

Nimeliandika, na hapa ninaliandika tena. Mzee huyu alikuwa kijana wakati wapigania uhuru walipokuwa na kambi zao Kongwa, miaka ya 1960. FRELIMO ya Samora Machel ilikuwa hapa, ANC ya Afrika Kusini ilikuwa hapa, SWAPO na MPLA pia. Kwa hiyo mtu wa Kongwa hahitaji kuelezwa kwamba Washington inaweza kukosea inapomwita mtu gaidi. Jina la Nelson Mandela liliendelea kuwamo kwenye orodha yao mpaka sheria ya Julai 2008 ilipomtoa, wakati alishakuwa rais, ameshastaafu, ana miaka karibu 90. Lakini upande wa pili nao ni kweli, na ndio niliouchelewa kuuelewa miaka yote niliyofundisha: Oktoba 1986 Bunge la Marekani lilipitisha vikwazo dhidi ya Makaburu kwa kuibatilisha kura ya turufu ya Rais Ronald Reagan, na lilifanya hivyo kwa sababu wanafunzi, makanisa, vyama vya wafanyakazi na wabunge weusi walikuwa wamesukuma kwa miaka. Marekani hiyo ya pili, inayoikatalia serikali yake, ipo hata leo. Redio nyingine hazikuletei sauti yake. Hii inakuletea kila siku.

Kuhusu Gaza nitasema kwa uangalifu kwa sababu sisi Watanzania tuna makaburi yetu katika vita hivyo. Tarehe 7 Oktoba 2023 Hamas waliua watu wapatao 1,200 Israeli, na vijana wetu wawili waliokwenda kujifunza kilimo walipoteza maisha kutokana na shambulio lile. Mimi nina mtoto wa kaka anayesoma chuo, sihitaji kufundishwa uchungu huo. Kilichofuata ni mabomu juu ya watu waliofungiwa mahali padogo, na kufikia katikati ya 2025 wizara ya afya ya Gaza ilikuwa imehesabu waliouawa zaidi ya 60,000, wengi wao wanawake na watoto. Marekani inaipa Israeli msaada wa kijeshi wa dola bilioni 3.8 kila mwaka, kwa makubaliano yaliyosainiwa 2016, na Aprili 2024 Bunge lake likaongeza kifurushi cha dola bilioni 95 kwa Ukraine, Israeli na Asia, ambapo bilioni 26 hivi zilikuwa za Israeli.

Ubora wa kipindi hiki katika jambo hili ni kwamba kinampa kipaza sauti daktari aliye ndani ya hospitali, mwandishi aliye kwenye hema, mama aliyehama mara nyingi. Wanaongea kwa urefu. Hawakatwi baada ya sentensi moja ili mchambuzi aliyevaa suti aeleze walichomaanisha. Vilevile kinawaleta Wayahudi wa Marekani wanaopinga vita hiyo, ambao Oktoba 2023 waliingia katika jengo la ofisi za wabunge kukaa sakafuni wakidai risasi zisimame, na mamia wakakamatwa. Bila kuwasikia hao, mtu wa Kibaigwa anaweza kudhani ugomvi huu ni wa dini na dini. Kwa kuwasikia, unauona ugomvi ulivyo: kati ya wenye amri ya mabomu na wasio na pa kukimbilia.

Upande wa hesabu wako makini. Mwaka 2024 matumizi ya kijeshi ya Marekani yalikaribia dola trilioni moja, zaidi ya theluthi ya matumizi ya kijeshi ya dunia nzima. Na nchi hiyohiyo, kima cha chini cha mshahara cha shirikisho ni dola 7.25 kwa saa, hakijapandishwa tangu Julai 2009. Sheria ya kodi na matumizi iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 ilibana bima ya afya ya masikini, na Ofisi ya Bajeti ya Bunge lao lenyewe ikakadiria kwamba watu milioni 10 zaidi watakuwa hawana bima ifikapo 2034. Nilipofika hapo nilisimamisha kipindi, nikawageukia vijana wangu nikawaeleza. Hawakuamini. CHF iliyoboreshwa, bima ya afya ya jamii, niliyowahi kuwakatia ilikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, na tuna kilio chetu cha dawa kukosekana dirishani, lakini hawajawahi kusikia kwamba katika nchi tajiri kuliko zote mtu anaweza kuuza nyumba kwa sababu ya upasuaji. Waliuliza maswali mpaka giza likaingia. Kijana wa mashine alitaka kujua kwa nini watu wasiokuwa na bima wanawapigia kura wanaoiondoa. Ni swali zuri, na kipindi hiki kinalijibu nusu tu: kinaeleza vizuri fedha za matajiri katika uchaguzi, hasa tangu uamuzi wa Mahakama Kuu yao wa 2010 uliofungulia kampuni mlango wa kumwaga fedha kwenye kampeni. Kinaeleza kidogo mno kuhusu yule mkulima au fundi wa mji mdogo aliyepiga kura hiyo kwa hiari yake, akiwa na sababu zake.

Hapo nimeingia kwenye ninachokidai.

Februari 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine, mimi nilikuwa nasubiri msimu. Ukraine ilikuwa nchi ya kwanza duniani kwa kuuza nje mafuta ya alizeti, na ikiunganishwa na Urusi zilikuwa zinatoa zaidi ya nusu ya mafuta ya alizeti yanayovuka mipaka. Bandari za Bahari Nyeusi zikafungwa. Mwishoni mwa Aprili Indonesia nayo ikazuia mawese yake yasitoke, kwa wiki tatu na kitu. Bei ya mafuta ya kula ikapanda mpaka hapa mtaani watu waliozoea kununua lita wakaanza kununua kwa kipimo kidogo cha kupikia siku moja. Wakulima wa Singida, Kongwa, Mpwapwa na Chamwino wakaona bei ya gunia, wakapanua mashamba, wengine wakakopa wanunue mbegu chotara badala ya mbegu ya kawaida ya Rekodi. Kisha ushuru wa mafuta ya nje ukapunguzwa ili mlaji apumue, Julai 2022 makubaliano ya nafaka yakasainiwa Istanbul meli zikaanza kutoka tena, mafuta ya nje yakajaa, na msimu wa 2023 bei ya alizeti ikaanguka vibaya. Nilipokea wakulima waliokuja na magunia na kurudi nayo nyumbani kwa sababu bei haikutosha hata nauli ya pikipiki.

Wakati huohuo Benki Kuu ya Marekani, katika kupambana na mfumuko wa bei wa kwao, ilipandisha riba kutoka karibu na sifuri Machi 2022 mpaka kati ya asilimia 5.25 na 5.5 Julai 2023. Fedha za dunia zikakimbilia huko kwenye riba. Dola ikawa adimu Tanzania mwaka 2023. Kipuri cha mashine yangu kinatoka India na kinalipwa kwa dola, kwa hiyo msimu ule niliuza mashudu kwa bei ya chini na kununua kipuri kwa bei ya juu, na kijana mmoja nikashindwa kumrudisha kazini.

Haya nayahesabu kuwa madhara ya vita na ya siasa za uchumi za Marekani kama yalivyo ya mama wa jimbo la Ohio kulekule Marekani anayeshindwa kulipa kodi ya nyumba. Democracy Now! inayazungumza ya Ohio kwa ufundi mkubwa. Ya kwetu, katika niliyoyasikiliza, hayafiki. Afrika inaingia kipindini pale kunapokuwa na vita, mapinduzi au ugonjwa, na ikiingia inahojiwa kwa heshima, hilo nakiri. Sudan, kwa mfano, wameipa nafasi wakati wengi walikuwa wameisahau. Lakini mnyororo unaotoka kwenye kikao cha riba Washington mpaka kwenye gunia la alizeti Kongwa haujawahi kuhojiwa masikioni mwangu. Kwa kipindi kinachojali wanaoumia, hilo ni pengo kubwa, na wana uwezo wa kuliziba. Wachumi wa Kiafrika wapo, wanaongea Kiingereza kizuri, wana intaneti.

Na si jambo geni hapa. Uingereza ilitoka katika Vita vya Pili vya Dunia ikiwa na upungufu wa mafuta ya kula, serikali ya Clement Attlee ikaamua karanga zilimwe Tanganyika, na mwaka 1947 mradi ukaanza, makao yake yakiwa Kongwa. Walipanga kusafisha ekari zaidi ya milioni tatu. Walileta matrekta yaliyobaki vitani, wakakuta udongo wa Ugogo wakati wa kiangazi ni mgumu kama saruji na mvua haiji kwa ratiba ya London. Wagogo walijua, hakuna aliyewauliza. Mradi ulivunjwa 1951 baada ya kuteketeza pauni milioni 36 hivi. Kila mtoto wa Kongwa amesimuliwa. Kwa hiyo nikisema kwamba vita vya mbali vinafika Kongwa kupitia mafuta ya kula, nasema jambo ambalo babu zetu walishaliona kwa macho.

Kuna eneo moja ambalo kipindi kilitugusa moja kwa moja, nalo ni kufungwa kwa USAID, shirika la misaada la serikali ya Marekani. Trump alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90 siku ileile ya kuapishwa, tarehe 20 Januari 2025, na tarehe 1 Julai 2025 shirika likafungwa rasmi. Mpango wa PEPFAR wa kupambana na UKIMWI, ulioanzishwa 2003 chini ya George W. Bush, ambao serikali ya Marekani yenyewe inasema umeokoa maisha ya watu milioni 25, uliyumba kwa ghafla. Nilisikia wahudumu wa afya wa nchi za Afrika wakieleza dawa zilizokwama, na hapahapa Kibaigwa nilimwona mama mmoja ninayemfahamu akihesabu vidonge vyake kwa hofu, akigawanya siku. Huyu mama hakuwahi kuulizwa chochote na mtu wa Washington. Katika suala hili kipindi kilifanya kazi yake vizuri: kilikataa kuita jambo hilo kubana matumizi tu, kikawaleta watu waeleze nani anakufa kwanza. Ningetamani pia wahoji kwa nini nchi zetu ziliacha uhai wa watu wake utegemee saini ya rais wa ng'ambo kwa miaka zaidi ya ishirini. Hilo swali ni la kwetu zaidi kuliko lao, lakini mtu wa mrengo wa kushoto Marekani anayetupenda kweli angelisema pia.

Mengine kwa ufupi. Muhtasari wa habari unasomwa kwa kasi. Asiyezoea Kiingereza cha Marekani atapotea. Wageni wengi wanakubaliana wao kwa wao, na mimi ningependa mara nyingi zaidi aje mtu aliyepiga kura ya ndiyo, aulizwe uso kwa uso kama alivyoulizwa Clinton. Video haikuongezei kitu kikubwa juu ya sauti, ila inakula bando. Na kama kuna watoto ndani, weka spika za masikioni: habari za Gaza zinaelezwa bila kupunguzwa, na wajukuu zangu waliwahi kusikia maelezo ya daktari mmoja kabla sijawahi kuzima.

Kwa anayetaka kuanza, sishauri aanze na sauti. Kila mahojiano yanawekwa pia kwa maandishi kamili kwenye tovuti yao, bure, na maandishi yanafunguka hata mtandao ukiwa dhaifu kama wetu wa jioni, wakati soko la mahindi lote liko kwenye simu. Soma kwanza, kisha pakua sauti usikilize ukiwa umeshajua wanachosema. Masikio yanazoea polepole. Kasi ya sauti inaweza kupunguzwa kwenye simu, na kwa ule muhtasari wa mwanzo mimi bado naipunguza. Mahojiano ya zamani yapo tangu 1996, kwa hiyo mwanafunzi wa UDOM au wa Chuo cha Mipango anayeandika kuhusu vita vya Iraki anaweza kusikia nini kilisemwa wiki ileile ya Februari 2003, wakati Colin Powell alipokaa mbele ya Baraza la Usalama kueleza silaha ambazo baadaye hazikupatikana. Na walimu wenzangu wa Kiingereza wa kidato cha tano na sita: dakika kumi na tano za mahojiano na Barbara Lee zinatosha kipindi kizima cha kusikiliza na kujadili, na hazitakugharimu zaidi ya bando la kawaida la siku.